Madan Mohan naye alikulia ugenini

Sisi tuliorudi Burundi kutoka Tanzania tumelizoea swali moja: "Wewe ni wa wapi hasa?" Tunaulizwa sokoni, tunaulizwa ofisini. Mimi nimeulizwa hata kwenye chumba cha walimu, maana Kifaransa nimejifunza ukubwani na Kirundi changu kina lafudhi ya Tabora. Anayeuliza huwa ameshajijibu moyoni: aliyekulia nje kapungukiwa, mambo ya nyumbani awaachie waliobaki. Nalipinga hilo, na shahidi wangu ni Mhindi.

Wafanyabiashara wa Manyovu na Mugina wa rika langu wanazikumbuka sinema za Kihindi kwenye mabanda ya video. Amitabh tulimjua, Dharmendra tulimjua. Waliotunga muziki hakuna aliyewauliza. Mmoja wao ni Madan Mohan.

Huyu alizaliwa Baghdad tarehe 25 Juni 1924. Baba yake, Mpunjabi, alikuwa mhasibu katika polisi ya Iraq. Mwaka 1932 familia ikarudi kwao Chakwal, Punjab. Kijana akasoma, akaingia jeshini mwaka 1943, vita vilipokwisha akatoka na kufanya kazi redioni Lucknow. Mafunzo rasmi ya muziki alipata machache tu. Lakini pale redioni aliwasikia mabingwa kwa karibu, akiwamo Begum Akhtar, malkia wa ghazali. Mwaka 1947 India ikagawanywa, na Chakwal ikaangukia Pakistan. Kwao kukawa nchi nyingine. Msomaji uliyerudi ukakuta shamba la babako lina mwenyewe, hapo huhitaji maelezo.

Sinema yake ya kwanza kama mtunzi ilikuwa Aankhen ya mwaka 1950. Zikafuata Adalat (1958), Anpadh (1962), Woh Kaun Thi? (1964) na Mera Saaya (1966). Ghazali ni shairi la zamani, lenye adabu zake, na wenyewe wana wivu nalo. Mtoto huyu wa Baghdad akalichukua, akalivisha sauti ya Lata Mangeshkar, hadi Lata mwenyewe akamwita mwana wa mfalme wa ghazali. (Jikoni pia alisifika, nyama alikuwa anaipika mwenyewe.) Sikilizeni anavyoiacha sauti ipumue, ala zikae nyuma. Wenzake wengi wa wakati ule walijaza kila nafasi kwa vinanda.

Malipo yake yalikuwa madogo. Tuzo ya Filmfare hakuipata hata moja. Serikali ilimpa tuzo ya taifa kwa sinema ya Dastak ya mwaka 1970, akafariki tarehe 14 Julai 1975 akiwa na miaka 51.

Mwaka 2004, karibu miaka 30 baadaye, Yash Chopra alikuwa anatengeneza Veer-Zaara, hadithi ya mwanamume wa India na binti wa Pakistan wanaotenganishwa na mpaka. Mwanawe Madan Mohan, Sanjeev Kohli, akachambua kanda za zamani za baba yake, akatoa tuni ambazo hazikuwahi kutumika. Lata akaziimba akikaribia miaka 75. Chopra mwenyewe alizaliwa Lahore, mji ambao nao uliangukia Pakistan. Ilipotakiwa sauti ya watu wa pande mbili za mpaka, ilipatikana kwenye kanda za mtu aliyezaliwa Iraq.

Nina sababu ya kuyasema haya sasa. Shuleni tunao watoto waliorudi miaka ya karibuni kutoka Nyarugusu na Nduta. Wanahesabu kwa Kiswahili, wanaimba nyimbo za kambini, na wenzao wanawacheka. Baadhi yetu walimu tunawanyamazisha kwanza ili "wawe Warundi". Mwanafunzi aliyenyamazishwa miaka miwili hasomi tena, anasubiri kuacha shule avuke mpaka na mzigo kichwani. Nawaomba wenzangu: wapeni nafasi ya kujibu kwa lugha waliyo nayo, Kirundi na Kifaransa wataendelea navyo humo humo darasani. Na zamu ya kuimba ikifika, waimbe walichokuja nacho.