Feza ya msaada isisimame Lubumbashi

Kila mara radio inapotangaza kwamba kuna feza ya kusaidia biashara ndogo za Wakongomani, simu zinaanza kulia. Wamama wa Kikula, vijana wa Panda, familia zenye kukimbia vita na sasa zinalala kwa ndugu zao hapa Likasi, wote wanauliza mambo mawili: karatasi ya kujaza inapatikana wapi, na ni franga ngapi? Swali la pili njo linaumiza. Karatasi ya kuomba msaada haiuzishwi. Lakini watu wamezoea kulipa kila muhuri na kila sahihi, mpaka kitu cha bure kinaonekana kama uongo.

Inafaa kueleza kwanza ni feza gani. Si deni la benki, si likelemba. Ni feza yenye mutu anapewa kwa kazi yake, na hairudishi kama ameitumia namna alivyoandika. Katika mwaka 2018 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 100 kwa mradi wa kusaidia biashara ndogo na za katikati katika inchi yetu, wenye kujulikana kwa jina la PADMPME. Ndani yake kulikuwa mashindano ya miradi ya vijana, ile COPA yenye wengi walisikia, pamoja na musaada kwa wamama wenye biashara. Miji ilikuwa 4: Kinshasa, Matadi, Goma na Lubumbashi. Katika mwaka 2022 kukafuata mradi mwingine, TRANSFORME, wa dola milioni 300, na Lubumbashi imo tena.

Watu wa Likasi wanaambiwa: Lubumbashi si mbali, ni kilometa 120 hivi, mupande gari. Ni kweli gari ziko. Lakini mama mwenye kuuzisha unga kwa meka anakula leo feza ya leo. Siku moja ya safari ni siku moja bila mauzo, tena na nauli ya kwenda na ya kurudi. Akifika anaambiwa karatasi moja inakosekana, arudi wiki ingine. Safari ya pili inakula mtaji. Ya tatu haifanyi. Kisha ripoti itasema wamama wa Likasi hawakuomba.

Na karatasi zenyewe njo ukuta mukubwa kuliko barabara. Muchuuzi wa soko anajua patente. Sheria ya Agosti 1979 juu ya biashara ndogo iliachia Wakongomani peke yao kazi ile, na patente njo karatasi yake. Lakini mara nyingi wenye kutoa msaada wanaomba zaidi: namba ya RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara, namba ya kodi. Mutu mwenye kuuza makala mbele ya nyumba yake hajawahi kuona hata moja kati ya hizo, na kazi yake ni kazi ya kweli, inasomesha watoto.

Kwa familia zenye kukimbia, ukuta unaanza chini zaidi. Huku kwetu, kwa miaka mingi, karte ya uchaguzi njo imekuwa kitambulisho cha mutu. Mutu mwenye kutoka Mitwaba ao Pweto usiku, risasi zikilia, alibeba mutoto na sufuria, hakutafuta karte. Komini inaweza kumupatia karatasi ya kushuhudia kwamba vitambulisho vyake vilipotea. Ile karatasi inapashwa kukubaliwa kwenye meza ya msaada, pamoja na ushuhuda wa shefu wa kartie kwamba anakaa hapa na anafanya kazi hii. Likasi inajua mambo haya. Katika miaka ya 1992 na 1993, maelfu ya familia za Wakasai walilala kwenye gare yetu wakingoja treni. Wazee wenye kuona vile hawawezi kushangaa kwamba mutu mwenye akili na mikono anaweza kukosa karatasi.

Kuna jambo la wamama walioolewa, na si dogo. Sheria ya familia ya 1987 ilikuwa inaomba muke apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kufanya mapatano ya sheria. Sheria ya Julai 2016 iliondoa ile ruhusa. Kwa hiyo mama akiambiwa kwenye meza yoyote, "Kwanza leta sahihi ya baba," ana haki ya kujibu kwamba ile sahihi haiombwi tena. Kuzungumuza na bwana nyumbani ni jambo lingine, ni heshima ya ndoa. Lakini si karatasi ya ofisi.

Wako wenye kusema: muwape feza, wataikula. Wanatoa mufano wa Gécamines. Mufano ule unafaa uangaliwe muzuri. Kuanzia mwaka 2003, karibu watumishi 10,000 wa Gécamines walitoka katika ile operesheni ya "départs volontaires", yenye kusaidiwa na Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wababa wa hapa Likasi. Walipewa feza mara moja, baada ya miezi mingi bila mushahara. Ilifika ndani ya nyumba yenye madeni ya masomo, ya hospitali, ya duka. Wengine walinunua mashine ya kusaga, wengine walifungua kantini, na mingi ya ile mitaji ilikufa. Haikukufa juu wababa wale hawakujua kazi. Walikuwa wameyeyusha shaba miaka 20. Feza ya mara moja, bila mutu wa kufuata, katika nyumba yenye njaa, inakwenda kwa njaa kwanza. Kwa hiyo msaada utolewe kwa vipande: kipande cha kwanza kinunue vyombo, na mutu aje kuona, kisha kipande cha pili.

Nayo Zaïrianisation ya tarehe 30 Novemba 1973 ilituonyesha makosa ya upande mwingine. Maduka ya wageni yaligawiwa Wazaïrois kwa jina la wana-inchi, lakini yalifika kwa wenye kuwa karibu na wakubwa. Vitu viliuzishwa, raki zikabaki tupu. Kusema "biashara ya mwana-inchi" hakutoshi. Inapashwa kuulizwa: mwana-inchi gani?

Wenye kuomba nao wana lao la kufanya. Kuna watu wenye kuuzisha miradi yenye kuandikwa tayari, Kifaransa kizuri sana, mradi wa kuku 500 wenye kuandikwa na mutu hajawahi kufuga hata jogoo. Mwenye kusoma maombi anaona mbio, kwa sababu mwenye mradi akiulizwa bei ya chakula cha kuku ananyamaza. Mama wa unga ana kitu bora kuliko kile. Anajua gunia moja linatoa meka ngapi, alinunua kwa ngapi, alibakia na ngapi, mwezi gani unga unapanda. Aandike hayo katika kaye, kila siku, hata kama ni mutoto wake njo anaandika. Kaye ya miezi 3 inashinda kurasa 20 za kununua.

Lakini fomu inakuja kwa Kifaransa, na mama anahesabu kwa Kiswahili. Hapa meri na makomini wanaweza kufanya kitu bila kungoja Kinshasa. Kanuni ya mine ya 2018 inapeleka 15 kwa mia ya redevance kwa mamlaka ya mahali mine inapokuwa, na inaomba kila kampuni yenye kuchimba itenge 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Mara nyingi ile feza inaonekana katika masomo na visima, na ni vizuri. Sehemu ndogo sana ingetosha kulipa meza moja Likasi, na mutu mwenye kusoma Kifaransa na kueleza kwa Kiswahili, wakati wa kila mashindano. Aandike jina la muombaji, amuonyeshe karatasi gani inakosekana, atume mafaili yote Lubumbashi kwa safari moja.

Karatasi zile zingefungua pia mulango mwingine. Sheria ya Februari 2017 inaachia kazi ndogo-ndogo za makampuni makubwa, kama chakula cha watumishi, usafi na usafirishaji, kwa makampuni yenye mtaji wa Wakongomani. Wamama watano wenye kupika bukari ya wachimbaji kandokando ya barabara ya Kambove wanaweza kujiunga na kuomba kazi ile. Leo hawawezi, kwa sababu kwa makaratasi hawako.

Meza ile iwekwe karibu na soko, si ndani ya ofisi, na ifunguliwe asubui mbele wanunuzi hawajafika. Saa tatu mama anapashwa kuwa tayari mbele ya unga wake.