Mifupa ya Kale ni Mali Yetu

Mwaka 2019 wataalamu wa dunia walipata majina mawili mapya ya wanyama wa kale. Majina hayo ni ya Kiswahili. La kwanza ni Mnyamawamtuka moyowamkia. La pili ni Simbakubwa kutokaafrika. Yasome polepole. Utayaelewa bila mkalimani.

Mtuka ni mto katika bonde la Rukwa, kusini magharibi ya Tanzania. Huko, mwaka 2004, ilionekana mifupa iliyogeuka mawe. Mnyama huyo alikuwa dinosaria mwenye shingo ndefu. Alikula majani. Aliishi miaka ipatayo milioni 100 iliyopita. Baadhi ya mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Ndiyo sababu ya jina lake.

Simbakubwa alipatikana magharibi ya Kenya. Hakuwa simba hasa, lakini alikula nyama, na alimzidi simba wa leo kwa ukubwa. Aliishi miaka ipatayo milioni 22 iliyopita. Mifupa yake ilikaa miaka mingi katika makumbusho ya Nairobi kabla ya kutambuliwa.

Wako wanaosema, "Mfupa wa kale haujazi chungu. Una faida gani kwa mkulima?" Mimi sikubaliani nao. Tazama Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia uchimbaji huko. Wenyeji ndio walioshika majembe. Ndio waliobeba mizigo kichwani hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani. Leo mjusi mkubwa wa Tendaguru, mwenye kimo cha meta 13, amesimamishwa Berlin. Watu hulipa kiingilio wamtazame. Kama mifupa haina faida, mbona ilisafirishwa mbali hivyo?

Nani huuona mfupa kwanza? Mara nyingi ni mchungaji, mkulima au mchimba mchanga. Kwa hiyo ulinzi unaanza kijijini. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiuvunje, usiuhamishe, usiuuze. Mfupa ukihamishwa, mtaalamu hawezi kujua ulitoka tabaka gani la udongo. Basi hata umri wake ni shida kuujua. Weka alama mahali hapo, kisha ukamwarifu mwenyekiti wa kijiji. Hapa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki hayo.

Wataalamu nao wana wajibu. Kutumia lugha yetu ni heshima, lakini haitoshi. Warudi kijijini watueleze walichokipata. Wawafundishe vijana wetu kazi hiyo, ili kesho wachimbe na kuandika wenyewe. Jina letu bila elimu yetu ni ala bila kisu.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Je, kijijini kwenu kuna mahali panapoonekana mifupa ya mawe?
2. Mtafanya nini ili isipotee?