Fundi hodari bado si mwalimu: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa VETA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA),
Dodoma.

Mimi ni mwalimu mpya wa umeme wa majumbani katika chuo kimoja mjini Songea. Kabla ya kushika chaki nilikuwa fundi, nikisambaza nyaya katika nyumba za Lizaboni, Bombambili na Msamala. Kazi hiyo naijua. Kufundisha ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Darasani kwangu wamo vijana waliomaliza darasa la saba na wenzao wa kidato cha nne, wote benchi moja. Nikiandika ubaoni kanuni ya Ohm, wa kidato cha nne anapata jibu upesi. Tukiingia karakana kufunga taa, mambo yanageuka. Yule wa darasa la saba, aliyemsaidia mjomba wake kazi za mtaani tangu mdogo, anamenya waya na kuubana kwenye swichi kabla wenzake hawajashika bisibisi. Taa inawaka, wenzake wanampigia makofi. Ukifungua swichi unakuta ameipitishia waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Maana yake taa ikizimwa, holda ya balbu bado ina umeme, na mama mwenye nyumba anayebadilisha balbu akiamini amezima anaweza kufa.

Kijana huyo utamrekebishaje bila kumvunja moyo? Mkono wake ni mwepesi kuliko wa wenzake wote, na mtaani ndivyo alivyoonyeshwa. Ukimkemea mbele ya darasa, kesho hatajitokeza tena. Ukimnyamazia, ataondoka na kosa hilo pamoja na cheti. Ufundi wangu wa miaka yote haukunipa jibu la swali hilo.

Halafu kuna lile itikio la pamoja: "Tumeelewa, mwalimu!" Nimeacha kuwauliza kama wameelewa. Sasa namwita mmoja afunge, mwingine asimame aeleze kwa nini mwenzake ameanza na waya ule. Hapo ndipo ninaona nani ameelewa. Lakini mambo haya nayatafuta gizani, wakati nchi hii ina walimu wa ufundi stadi walioyajua zamani.

Mitaala yetu inazingatia umahiri, na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila umahiri hupimwa kwa mtu mmoja mmoja. Vijana wakizunguka ubao mmoja wa mazoezi, wa mbele wanafunga na wa nyuma wanatazama migongo ya wenzao.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, najua kipo Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, na ninatamani kusoma huko. Kutoka Songea ni safari ya basi ya siku nzima, kupitia Njombe na Iringa, na darasa haliwezi kubaki bila mtu. Kwa hiyo naomba mafunzo hayo yatufuate huku Kusini wakati wa likizo, walimu wapya wa Ruvuma tukusanywe mahali pamoja. Na kabla ya hapo naomba jambo dogo zaidi: kila fundi anayeajiriwa kufundisha apewe mwalimu mkongwe wa kukaa naye darasani muhula wa kwanza, amtazame, amwambie ukweli. Waajiri wa nchi hii wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu mwaka 2023. Sioni matumizi yake yaliyo bora kuliko hayo.

Haraka ipo. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya umeme kutoka Makambako, na nyumba zinazotaka nyaya hazipungui. Mkondo wa amali nao umeingia sekondari tangu mwaka 2024, na walimu wake wengi watatafutwa katika karakana hizi hizi tulikotoka sisi.

Muhula ujao tunapokea vijana wapya. Tuletee mwalimu mkongwe mmoja kabla hawajafika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa umeme wa majumbani,
Songea.