Fizikia si Zimwi

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Giza hilo ndilo lililolizunguka somo la Fizikia. Wakati wa kuchagua masomo ukifika, utawaona wanafunzi wakilitoroka mithili ya swara aliyemwona simba. Ati ni gumu! Ati halina kazi! Mimi napinga, tena kwa kinywa kipana.

Hebu itazame simu ya mwalimu wako. Ndani yake mna kipande cha silikoni kidogo kama ukucha, kiitwacho chipu. Mwaka wa 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa chipu ya 4004 iliyokuwa na transista 2,300, yaani swichi ndogo ndogo za umeme. Mwaka wa 2020 chipu ya M1 ya kampuni ya Apple ilikuwa na transista bilioni 16. Lo!

Lakini hakuna refu lisilo na ncha. Sehemu nyingine za transista sasa zina unene wa atomi chache tu. Zikizidi kupunguzwa, umeme huvuja. Isitoshe, umeme ukipita katika nyaya za shaba huleta joto, na ujumbe ukiharakishwa sana hufifia njiani. Ndiyo maana wahandisi wameigeukia nuru. Katika uzi mmoja wa kioo, nuru za rangi nyingi zaweza kupita pamoja, kila moja na ujumbe wake, bila kugombana.

Hizi si hekaya za Abunuwasi. Mwaka wa 1966 Charles Kao alieleza jinsi nyuzi za kioo zingeweza kubeba mawasiliano hadi mbali, na mwaka wa 2009 akatuzwa Nobeli ya Fizikia. Mwaka huo huo mkongo wa TEAMS uliletwa Mombasa kupitia baharini kutoka Fujairah. Sasa wahandisi wanataka nuru hiyo ifike ndani ya kompyuta, karibu kabisa na chipu. Kikwazo kimoja ni kwamba silikoni haitoi nuru vizuri, kwa hivyo leza hutengenezwa kwa malighafi nyingine kisha ikaunganishwa nayo. Kazi hiyo haijaisha. Nani ataimaliza?

Najua mtasema, "Hayo ni ya Wazungu na Wachina, sisi tuuze chai." La hasha! Kule Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ipo kampuni inayoshughulika na chipu. Mlango umefunguka kidogo. Asiye na Fizikia ataingilia wapi?

Nakubali, vifaa vya maabara havitoshi, na kusukumana wanafunzi kumi kwa lenzi moja kunachosha. Hata hivyo, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nasi wanachama wa Kiswahili tusijifiche nyuma ya ngeli na vitendawili. Hapa nimeeleza mambo haya kwa lugha yetu, na sidhani ulimi umenivunjika. Napendekeza kila muhula tukutane na chama cha Sayansi, watueleze Fizikia kwa Kiswahili, nasi tuwasaidie kutafuta maneno. Walimu wetu, tafadhali msituambie kwamba somo hili ni la wachache. Nawe mwenzangu unayetaka kuliacha, lionje kwanza. Chelewa chelewa utampata mwana si wako.