Makabaila wa West Nile wanatafutwa pasipo

Mjadala wa historia ya West Nile ukipamba moto, hakosi mtu wa kusema kwamba wazee wa koo za Arua na Koboko walikuwa makabaila wa huku, sawa na mabwana wa Japani na samurai wao. Makala tatu za toleo hili zinalirudia dai hilo. Zimechapwa, lakini si kwa baraka za mhariri.

Mwanaanthropolojia John Middleton aliwachunguza Walugbara wa West Nile kuanzia 1949 hadi 1952. Aliandika habari za opi, wakuu wenye nguvu ya mvua, wanaoweza kukomesha vita vya koo. Si za bwana anayemgawia mpiganaji shamba ili ampiganie. Machifu wa kodi waliletwa na watawala waliopokezana eneo hili: Wabelgiji, kisha Sudan mwaka 1910, kisha Uganda mwaka 1914, ofisa wa kikoloni Weatherhead alipoanzisha boma la Arua. Boma ndilo lililowalipa na ndilo lililowafukuza. Kijana wa Koboko aliyetaka bunduki alijiandikisha KAR, jeshi la Waingereza, si kwa chifu. Kumwita chifu huyo kabaila ni kuisafisha serikali iliyomtuma.

Anayeitaka Japani kwa dhati aanze mwaka 1185. Minamoto no Yoritomo aliwashinda watu wa ukoo wa Taira, akachukua mashamba yao na kuwaweka wapiganaji wake kuwa jitō, wasimamizi wenye haki ya sehemu ya mavuno. Vita vya 1221 dhidi ya jumba la kifalme vikaleta ardhi nyingine ya kugawa.

Uganda nayo ina mwaka wake wa mgao: 1972. Idi Amin, ambaye kwa upande wa baba ni Mkakwa wa Koboko, aliwafukuza Waasia, na maduka, viwanda na nyumba zao vikaangukia mikononi mwa wanajeshi na wapambe, wale walioitwa mafuta mingi. Mali ya aliyefukuzwa ilikuwa malipo ya utii kwa mwenye silaha. Yoritomo asingehitaji kufafanuliwa.

Basi kwa nini utawala wa Kamakura, ulioasisiwa na Yoritomo, ulifika 1333, na mafuta mingi wakatawanyika 1979 Amin alipoangushwa? Wengi hutaja uchumi na vita vya Kagera. Mhariri anataja mahakama, na anajua fika kwamba anaipa hoja hii nafasi kubwa kuliko waandishi wake walivyopewa. Mwaka 1232 Hōjō Yasutoki, aliyeongoza serikali ya Kamakura, alitoa Goseibai Shikimoku, sheria ya vifungu 51. Aliyeshika ardhi miaka 20 hakusumbuliwa tena juu ya haki yake. Mwanamke asiye na mtoto aliruhusiwa kumrithisha mtoto wa kulea. Jitō aliyezuia fungu la mwenye shamba alishtakiwa, na wadai walisafiri na hati zao hadi Kamakura. Mpiganaji alikuwa na bwana, lakini alikuwa pia na mahali pa kumlalamikia jirani yake.

Mwenye duka wa 1972 alikuwa na nini? Neno la ofisa, ambalo ofisa mwenye cheo zaidi angeweza kulifuta jioni ile ile. Sheria ya 1982 ilipofungua njia ya Waasia kurudishiwa mali, hapakuwa na hati ya maana ya kuipinga.

Waliolipa gharama ni wengine. Mwaka 1980 jeshi jipya liliingia Koboko na Arua kulipiza kisasi, na wakulima ambao hawakupata hata kufuli la duka wakakimbilia Sudan na Zaire. Wanaosema West Nile nzima ilikuwa tabaka la mabwana wangeanza kwa kuwahesabu hao.

Kuhusu makala nyingine za toleo hili: ile ya Waalur inamsoma upya mwanaanthropolojia Southall, na inastahili kusomwa polepole. Ile ya msako wa panga wa Hideyoshi, mtawala wa Japani, mwaka 1588 ni fupi na safi.

Ya mwisho inataka kiti cha Agofe, kiongozi wa jadi wa Walugbara, kipewe ardhi na michango ya lazima, ingawa katiba ya 1995 inakataza mtu kulazimishwa kumchangia mtawala wa jadi. Imechapwa kama ilivyoletwa. Katika kurasa zake zote, mwandishi hakutaja mkulima wa Terego atapeleka wapi kesi yake siku ardhi hiyo ikiingia ndani ya shamba lake.