Kupima Bure, Kisha Kuachwa Njiani

Makamanda, leo tuache kidogo habari za majukwaa. Nataka kuzungumzia karatasi moja.

Karatasi hiyo alipewa baba yangu mdogo kwenye kambi ya upimaji bure. Mnazijua kambi hizi: maturubai, spika, fulana, mgeni rasmi na wapiga picha. Mzee akapimwa presha na sukari, na kwa kuwa ameshavuka miaka 50, akapimwa pia choo kikubwa kuangalia kama kuna damu isiyoonekana kwa macho. Damu ikaonekana. Akaambiwa aende hospitali ya rufaa. Basi. Hakupewa tarehe wala namba ya simu ya mtu wa kumuuliza.

Jibu lenyewe liliandikwa kwa Kiingereza, kwa lile neno ambalo mtaani kwetu lina maana moja tu: una virusi vya Ukimwi. Mzee akaikunja karatasi, akaificha chini ya godoro. Hakumwambia hata mama mdogo. Miezi kumi na moja ikapita, hakuna aliyempigia.

Tuliiona siku alipoishiwa damu na kuanguka shambani. Alipofanyiwa kipimo cha kamera, alikutwa na saratani ya utumbo mpana. Daktari akaishika ile karatasi, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya mwaka jana. Mlikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Amefanyiwa upasuaji, sasa yuko kwenye dripu za dawa, na tunamwomba Mungu.

Sidai kwamba angewahi asingeumwa. Hilo hakuna anayeweza kulijua. Lakini hili linajulikana: saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, na huweza kuchukua miaka kumi hivi kabla ya kugeuka. Daktari akikiona kwa kamera mapema, mara nyingi anakikata hapo hapo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliofuatilia watu zaidi ya 70,000 waliokutwa na damu kwenye choo, ulionyesha kwamba waliofanyiwa kamera baada ya miezi kumi walikutwa zaidi na saratani, tena iliyokwisha kusambaa, kuliko waliofanyiwa ndani ya mwezi mmoja.

Tuelewane pia: damu kwenye kipimo si hukumu. Wengi wanaokutwa nayo hawana saratani. Ndiyo maana kipimo cha choo peke yake hakijamaliza kazi. Kinagonga hodi tu, kamera ndiyo inayofungua mlango. Ukimpima mtu ukamwacha hapo, umempa hofu, hujampa huduma.

Na msiseme huu ni ugonjwa wa wazee. Chadwick Boseman, yule wa Black Panther, alifariki kwa saratani hii Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Mwaka 2021 Marekani wakashusha umri wa kuanza kupima kutoka 50 hadi 45. Sisi huku kijana akiona damu chooni anajiambia ni bawasiri, anatafuta dawa ya kienyeji, maisha yanaendelea.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Vizuri. Lakini kwa mtu wa kijijini, bima ni ile inayomfikisha kwenye kamera: nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na gharama ya kipimo chenyewe. Kambi inayohesabu bajeti ya fulana bila kuhesabu hayo ni kampeni tu.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, kila mwenye majibu yasiyo ya kawaida aondoke na tarehe ya miadi, na aelezwe kwa Kiswahili jibu lina maana gani. Pili, kuwe na daftari lenye namba yake na ya ndugu yake, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye jukumu la kumfuata asipotokea. Tatu, halmashauri iseme hadharani: wangapi walipimwa, wangapi walikutwa na tatizo, wangapi walifika kwenye kamera. Aliye diwani aulize barazani. Asiye diwani aulize kwenye mkutano wa mtaa.

Na sisi tusijitoe. Jumuiya yetu nayo iliandaa siku ya kupima presha na sukari. Tulipiga picha, tukarusha mitandaoni. Nimelitafuta daftari la siku ile ili tuwapigie waliokutwa na matatizo. Halipo. Tutaanzia hapo.

Usiku wa leo, kabla hujashare andiko hili, muulize mzee wako: "Ile karatasi ya vipimo uliiweka wapi?"