Leo Ni Ngapi kwa Moja? Uliza Kabla Hujabonyeza "Tuma"

Huku Taita Taveta kuna hesabu ambayo hata mtoto anaijua bila kalamu: shilingi moja ya Kenya ni ishirini za Tanzania. Utaisikia Taveta siku ya soko, utaisikia stejini Voi, na hata huku kwetu Rukanga, chini ya mlima Kasigau, mwenye duka anayeuza vitunguu au mchele uliovuka Holili atakupigia hesabu hiyo hiyo. Ni rahisi kukumbuka. Shida ni kwamba kiwango chenyewe hakikai pahali pamoja, na ukikisia vibaya, hasara ni yako.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kuna wakati shilingi zetu mbili zilikuwa moja kabisa. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa noti zake, lakini thamani ikabaki sawa: moja kwa moja. Ungeuza mbuzi Moshi na kununua sukari Voi bila kuumiza kichwa.

Baadaye mambo yakaharibika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka, ukafunguliwa tena 1983. Uchumi wa Tanzania ulikuwa umebanwa sana, na mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, serikali ilishusha shilingi yake kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola moja. Kenya nayo iliachia shilingi ielee sokoni mwaka 1993. Kufikia mwaka 2000 moja yetu ilikuwa kama kumi zao, na kufikia 2015 ilikuwa imefika kama ishirini. Hapo ndipo hesabu ya ishirini ilipoingia vichwani, ikakwama.

Sasa angalia kilichotokea juzi tu. Katikati ya 2022 kiwango kilikuwa karibu 20. Kisha shilingi ya Kenya ikaanza kuteleza, na Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Dhidi ya Tanzania tulikuwa tumeshuka chini ya 16. Februari serikali ikakopa upya kwa dola ili ilipe sehemu ya deni kubwa lililokuwa linaiva Juni, wasiwasi ukapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa kama 130. Ndani ya wiki chache tukarudi karibu na 20.

Weka hayo kwenye biashara. Tuseme mama ana Ksh 50,000 za kununua mchele ng'ambo, na gunia ni TSh 100,000. Kwa kiwango cha 20 anapata TSh 1,000,000, yaani magunia kumi. Kwa kiwango cha 15.7 anapata TSh 785,000: magunia saba na chenji. Bei ya mchele haijapanda hata senti, lakini magunia mawili na zaidi yamepotea. Kama aliwaahidi wateja wake bei akitumia ishirini ya kichwani, hiyo ni faida imeenda, pengine na mtaji.

Hilo la soko hatuwezi kulizuia, wewe wala mimi. Lakini kuna hasara nyingine ambayo tunaweza, na hapa nitasema wazi ingawa naandika kwenye blogu ya kampuni ya malipo. Nilisomea masoko chuo kikuu, na najua kazi ya neno "bure". Ukiona tangazo la "tuma Tanzania bila ada", usishangilie kwanza. Uliza kiwango. Kama soko liko 20 na wewe unapewa 19.2, ukituma Ksh 10,000 atakayepokea anapata TSh 192,000 badala ya 200,000. Hizo 8,000 ni sawa na Ksh 400. Hakuna mahali pameandikwa "ada 400", lakini umeilipa.

Simsemi vibaya anayeweka faida kwenye kiwango. Anayebadilisha pesa mpakani hufanya hivyo, benki hufanya hivyo, na huduma za simu pia, kwa sababu kushika sarafu mbili kuna gharama na hatari yake. Kosa ni kuficha. Maoni yangu ni haya: kabla mteja hajaweka PIN, skrini imwonyeshe mambo matatu, yaani ada, kiwango cha leo, na pesa kamili zitakazofika upande wa pili. Kampuni yoyote, hata yetu, isiyoonyesha hayo haijamheshimu mteja. Wapo wanaosema nambari nyingi zitamchanganya mtu wa kawaida. Hao hawajamwona mama wa soko la Taveta akirudisha chenji kwa sarafu mbili huku anapimia mtu nyanya.

Nawe una sehemu yako. Kwanza, kabla ya kuagiza mzigo, kubalianeni deni ni la shilingi gani, ya Kenya au ya Tanzania, na muandike. Ukikopa kwa shilingi ya Tanzania wakati yetu inashuka, deni linakua hata kama umelala. Pili, angalia kiwango cha siku hiyo. Benki Kuu ya Kenya hukitoa kwenye tovuti yake kila siku ya kazi, na hicho ndicho kipimo chako. Tatu, ukilinganisha huduma mbili usiangalie ada peke yake. Uliza swali moja tu: "Nikituma elfu kumi sasa hivi, atapokea ngapi?" Anayefikisha nyingi zaidi ndiye nafuu, haijalishi tangazo lake linasema nini.

Pesa ya mpakani ina sura mbili, na sura hizo hubadilika. Kwa hivyo ile ishirini ya kichwani iache iwe ya mazungumzo. Ya biashara iangalie kwenye simu, siku ile ile, kabla hujabonyeza "Tuma".